Shifta: Hili Jina Lilitoka Wapi Kabla Tubandikwe?

Basi lilivuka daraja la Tana, likasimama upande wa Madogo, na kila msee akajua ni kitu gani. Wanaume chini, kitambulisho mkononi, laini moja. Kama umewahi kutoka Garissa kwenda Nairobi hata mara moja, hii filamu unaijua. Jua la saa tano linakuchapa kichwa, karao anaangalia picha, anakuangalia wewe, anarudi kwa picha.

Nyuma yangu kulikuwa na fundi wa mawe kutoka Mwingi, alikuwa amemaliza kujenga nyumba ya mtu Garissa na sasa anarudi kwao. Yeye alipita bila swali. Mimi niliulizwa nilizaliwa wapi, babangu alizaliwa wapi, na mbona kitambulisho changu kinakaa kipya hivi. Tuliporudi ndani kondakta akapiga nduru, "Mashifta wote wamepanda?" Basi zima likacheka. Hata mimi nilicheka, na hiyo ndiyo ilikuja kunikera baadaye.

Fundi akaniinamia akaniuliza pole pole, bila ubaya, "Kwani shifta ni Kisomali?"

Nikamwambia ndio. Alafu tulipofika Bangale nikaanza kujiuliza kama ni ukweli. Nimezaliwa Garissa, nimeitwa hilo jina tangu nikiwa mtoi, na sikuwa najua limetoka wapi. Nyumbani hakuna mtu huwa analitumia. Ayeeyo wangu akimkasirikia mwizi anamwita tuug. Akiongelea wale wa bunduki wanaovamia magari anasema burcad. Hilo la shifta huwa nalisikia kwa watu wengine wakituongelea.

Nilitafuta, na stori imekuwa refu kuliko barabara yenyewe.

Kwanza tutoe uongo moja njiani. Kuna wasee wanadhani shifta imetokana na Kiingereza, ati juu shifta ni mtu wa kuhamahama, leo hapa kesho pale, sasa ana-shift. Inaingia akilini, na ndiyo maana ni hatari. Neno shift la Waingereza ni la kwao kabisa, la zamani sana, na mwanzoni lilimaanisha kugawa na kupanga vitu. Ndilo liko hadi kwa kibodi ya simu yako. Hayo mawili yanafanana sura tu, kama wewe na yule msee wa Kayole watu wanasema ni pacha wako na hamjawahi hata kuonana. Lakini fungua kamusi kubwa ya Kiingereza leo utalipata shifta limekaa hapo kati ya shift na shifty, limetulia kama mwenyeji. Ni neno la Kiingereza sasa. Na maana yake, kwa kamusi zingine, imeandikwa wazi: jambazi wa Kisomali, kaskazini mwa Kenya.

Soma hiyo tena. Si jambazi tu. Wa Kisomali. Kabila liko ndani ya maana.

Kamusi hizo hizo zinasema chanzo chake ni Kisomali, shufta. Sasa hapo ndipo zimeshukia steji moja kabla ya mwisho wa safari. Wasomali wenyewe walilikopa. Asili ni Ethiopia, kwa Kiamhara. Kule kuna kitenzi, sheffete, yaani kukataa utawala, kuasi, kuingia msituni. Anayefanya hivyo ndiye shifta. Ile irabu ya kwanza kwa Kiamhara si i na si u, ni sauti fulani ya katikati, mdomo haujui ufunguke ama ufunge. Wengine waliisikia kama i wakaandika shifta. Wasomali wakaisema u. Kiswahili kikachukua ya i na hakikuongeza irabu katikati, juu hiyo ft tulikuwa tumeshaizoea kwa daftari. Wingi tukasema mashifta, ngeli moja na majambazi na mashetani. Ni kweli madaktari pia wako ngeli hiyo, kwa hivyo tusilie sana hapo.

Sasa, shifta wa Ethiopia ya zamani alikuwa mtu wa aina gani? Hapa ndipo nilikaa chini. Alikuwa mwizi, ndiyo. Alivamia misafara, alichukua mifugo, na mkulima wa kawaida aliumia. Hakuna haja ya kumpaka poda. Lakini kulikuwa na upande mwingine. Mtu akidhulumiwa na bwana mkubwa, ama akinyimwa shamba ama cheo alichoona ni haki yake, alikuwa anachukua silaha, anapanda mlimani na vijana wake, na anakuwa shifta hadharani. Ilikuwa njia ya kusema mimi siutambui huu utawala. Akipata nguvu ya kutosha, wakubwa walimwita mezani, wakamsamehe, wakampa cheo. Jina hilo halikuwa mwisho wa maisha ya mtu. Wakati mwingine lilikuwa mwanzo.

Mfano ni Kassa Hailu, kijana wa Qwara, karibu na mpaka wa Sudan. Aliingia msituni akawa shifta, akakusanya watu, akapiga mabwana wa vita mmoja baada ya mwingine, na 1855 akavikwa taji. Ndiye Mfalme Tewodros wa Pili, yule ambaye kwa Waethiopia wengi ndiye aliyeanza kuiunganisha nchi. Aliandikia Malkia Victoria barua, hakujibiwa, akakasirika akafunga Wazungu waliokuwa kwake. Uingereza ikatuma jeshi kutoka India na ndovu wa kubeba mizinga. April 1868 huko Magdala, alipoona imeisha, alijipiga risasi kuliko ashikwe. Aliyekuja kuwa mfalme 1872, Yohannes wa Nne, pia alikuwa amepitia ushifta. Yaani wafalme wawili wa Ethiopia walianza na jina ambalo sisi tunarushiwa na kondakta.

Lakini ona venye neno linabadilika kulingana na nani ameshika kalamu. Waitalia walipoivamia Ethiopia na kuikalia, 1936 hadi 1941, kuna Waethiopia waliendelea kupigana milimani. Watu wao waliwaita arbegnoch, wazalendo. Waitalia waliwaita nani? Mashifta. Msee ni yule yule, bunduki ni ile ile, mlima ni ule ule.

Waingereza nao walilijua hilo neno kwa sababu mbili. Moja, baada ya kuwafurusha Waitalia walitawala Eritrea kwa muda, na huko kulikuwa na mashifta wa kumwaga, wengine wezi, wengine wa siasa. Mbili, walikuwa hapa kwetu. Eneo lote hili, Garissa, Wajir, Mandera, Moyale, Marsabit, Isiolo, lilikuwa Northern Frontier District, na wavamizi waliovuka mpaka kutoka Ethiopia kuja kuiba ng'ombe na watu ndio maofisa wa kikoloni waliwaita shifta. Huo wakati neno lilikuwa la mtu wa kutoka nje. Msomali wa Garissa alikuwa mmoja wa wale wanaovamiwa.

Mpaka 1963.

Hapa lazima twende taratibu, juu shuleni hii sehemu ilipitishwa mbio kama mat ya usiku. NFD ilikuwa wilaya iliyofungwa. Sheria ya 1902 ilimpa ofisa nguvu ya kuamua nani anaingia na nani anatoka, na ya 1934 ikaongeza kamba. Kutoka huku kwenda chini ulihitaji kibali. Hakukuwa na barabara ya maana wala shule za kuhesabika. Ndiyo maana mpaka leo utasikia mzee Garissa akisema "naenda Kenya" akimaanisha anavuka daraja. Watu hucheka wakidhani ni utani. Si utani, ni kumbukumbu.

Uhuru ulipokaribia, swali likawa NFD iende wapi: ibaki Kenya ama ijiunge na Somalia, iliyokuwa imepata uhuru 1960. Waingereza walituma tume ya watu wawili 1962, wakili wa Nigeria anayeitwa Onyiuke na jenerali wa Canada anayeitwa Bogert. Wakazunguka, wakasikiliza, wakaandika kwamba Wasomali wa eneo hilo, ambao ndio wengi, wanataka kujitenga. Si kila mtu alitaka, kulikuwa na jamii zilizotaka Kenya. Lakini wengi walikuwa wamesema. Machi 1963 Uingereza ikaamua eneo la Wasomali litakuwa mkoa wa saba wa Kenya. Somalia ikakata uhusiano na Uingereza. Uchaguzi wa Mei ukasusiwa na watu wengi huku. Juni, DC Daudi Dabasso Wabera, mmoja wa Waafrika wa kwanza kupewa hicho cheo, akauawa kwa risasi pamoja na Chifu Haji Galma Dido, walipokuwa wakizunguka kushawishi watu wabaki Kenya. Ile Wabera Street unapita kila siku ukienda kutafuta viatu mjini Nairobi, ndio yeye.

Kenya ikapata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Kabla mwezi uishe, hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Kaskazini Mashariki. Nchi nzima bado ilikuwa na vumbi la kucheza ngoma miguuni.

Na hapo ndipo lile neno likapewa kazi mpya. Wale waliochukua bunduki walikuwa na madai ya siasa: walikuwa na chama, walikuwa na tume imewaandikia, walikuwa na nchi jirani inawapa silaha. Ukiwaita waasi, mtu atauliza, wanaasi nini? Ukiwaita wapiganaji, mtu atauliza, wanapigania nini? Lakini ukiwaita mashifta hakuna swali. Mwizi hulizwi anataka nini. Gavaa ikalitumia kila siku, magazeti yakalibeba, redio ikalisambaza, na vita vyenyewe vikaitwa hivyo: Vita vya Shifta. Kuna vita vichache duniani ambavyo vimepewa jina la tusi la upande mmoja na vikaingia kitabu cha historia hivyo hivyo.

Kinachouma zaidi ni nani aliyekuwa anafanya hiyo kazi. Miaka kumi tu nyuma, Waingereza walikuwa wakiita Mau Mau magaidi, na wakawakusanya watu wa Kati kwenye vijiji vya lazima vyenye mitaro. Mwaka 1966 serikali ya Kenya huru ikachukua mbinu ile ile na kuleta huku. Wafugaji wakaswagwa ndani ya vijiji vilivyolindwa, ukitoka bila ruhusa wewe ni shifta. Waborana wa pande za Garba Tulla wanakiita kipindi hicho wakati wa daba. Ngamia haishi ndani ya fensi. Mifugo ikafa, na familia ambazo zilikuwa na mali zikaanza kuomba posho. Mau Mau wenyewe hawakuondolewa marufuku mpaka 2003, na ni ajabu sana kwamba walioitwa magaidi na waliokuwa wakiita wenzao mashifta walikuwa wanaimba wimbo mmoja wa taifa.

Kuwa mkweli, si wote waliokuwa msituni walikuwa malaika. Kulikuwa na waliovamia watu ambao hawakuwa na kesi nao, kulikuwa na mabomu ya kutegwa barabarani, na kulikuwa na wezi wa mifugo wa kawaida waliojificha nyuma ya siasa. Hiyo ndiyo ilifanya jina likae vizuri. Likiwa uongo mtupu lingekuwa limeshaanguka. Lilikuwa na ukweli kidogo ndani, kama tu kule Ethiopia.

Kuna kitu kingine nilifikiria. Kisomali kilipata maandishi rasmi 1972. Vita viliisha 1967, kwa makubaliano ya Arusha kati ya Kenyatta na Waziri Mkuu Egal wa Somalia, Kaunda akiwa katikati. Kwa hivyo wakati huu wote, upande mmoja ulikuwa na magazeti, ripoti na mashine za chapa. Upande mwingine ulikuwa na mashairi ya mdomo. Unadhani neno la nani lingeingia kamusi?

Vita viliisha lakini jina halikuisha. Hali ya hatari yenyewe iliendelea mpaka 1991, yaani karibu miaka 28, ikiwa imesahaulika na kila mtu isipokuwa aliyekuwa ndani yake. Novemba 1980, baada ya maofisa wa serikali kuuawa Garissa, askari waligeukia mji. Bulla Karatasi ilichomwa, watu wakakusanywa kwa uwanja wa shule. Wazee wanaiita Garissa Gubay, Garissa kuungua. Februari 1984 ikawa Wagalla, Wajir. Yote mawili yako kwa ripoti ya Tume ya Ukweli na Haki ya 2013, kama una subira ya kusoma. Na katikati ya hayo, Agosti 1982, wanajeshi wa anga walipojaribu kupindua serikali, mmoja wa waliowazima na kumrudishia Moi kiti alikuwa Jenerali Mahmoud Mohamed, Msomali wa Kaskazini Mashariki. Ungedhani hiyo ingefuta deni. 1989 Wasomali wa Kenya wote wazima waliamriwa wapange laini, wachujwe, na wapewe kadi ya ziada ya rangi ya waridi kuthibitisha ni Wakenya.

Mwaka huo huo neno lilipigwa picha ya dunia nzima. Agosti 1989, George Adamson, yule mzee wa simba wa Born Free, aliuawa na majambazi wenye bunduki huko Kora, ng'ambo ya Tana. Magazeti ya Uingereza na Marekani yaliandika shifta, shifta, shifta. Hiyo ilikuwa enzi ya wawindaji haramu wa pembe na hao watu walikuwa wauaji kweli. Lakini msomaji wa London aliyekuwa hajawahi kusikia tume wala daba alijifunza neno hilo siku hiyo, na maana moja tu.

Wenzetu wa Somalia nao hawakutuachia tupumue. Wao wanatuita Sijui, sisi Wasomali wa Kenya, kwa sababu ati tukiulizwa kitu tunajibu kwa Kiswahili, "sijui". Kwa hivyo Nairobi wewe ni shifta, Mogadishu wewe ni Sijui. Na nikiwa hapo hapo: "warya" mnayotuitia mtaani si jina la kabila. Waryaa ni "wewe!" ya kumwitia mwanaume. Mwanamke anaitwa naa. Ukimwita dem wa Eastleigh "warya" umemwita jamaa, na hiyo sura anakupatia umeitafuta. Walalo iko sawa kidogo, inatoka kwa walaal, ndugu.

Nirudi kwa bandit, lile neno ambalo kamusi inatumia kueleza shifta. Hilo ni la Kiitaliano, bandito, na maana yake ya kwanza ni mtu aliyetangaziwa marufuku. Si aliyeiba. Aliyetangazwa. Jambazi wa kwanza alitengenezwa na tangazo. Sisi Waswahili tuna haramia, wa Kiarabu, anayetoka kwa haramu, kwa hivyo yeye angalau amekosea Mungu kwanza kabla akosee DC.

Februari 2025 Rais Ruto alikuwa Wajir akatangaza kwamba ule msasa wa ziada wa vitambulisho kwa watu wa mikoa ya mpakani umefika mwisho. Uliletwa enzi zile za vita, na ulikuwa umeishi zaidi ya miaka sitini, umri wa babu. Binamu yangu alipata kitambulisho chake baadaye bila kupelekwa mbele ya wazee wathibitishe ukoo wake. Mimi nilipita huko nyuma, nikakaa kwa benchi siku tatu nikingojea mzee mmoja aje aseme ananijua. Hakuwa ananijua. Alimjua babu yangu, na hiyo ilitosha.

Ndiyo maana kitambulisho changu kilikuwa kipya pale Madogo, karao wangu mpendwa. Ilichelewa.

Tulishukisha fundi Mwingi, akachukua gunia lake la vifaa, akanipungia mkono. Sikuchukua namba yake. Kama unasoma hii, fundi, nilikudanganya lakini sikukusudia. Jibu ni hapana, si Kisomali. Ni Kiamhara, na lilipita kwetu likienda London.